Uhusiano wa Pande Mbili: Kutoka Daftari la Darasa hadi Hifadhi ya Kompyuta

Mwanachuo aendapo kufanya mazoezi ya kufundisha kwa mara ya kwanza, aghalabu hukabidhiwa daftari la mahudhurio hata kabla ya kukabidhiwa chaki. Daftari hilo lasema: darasa hili lina watoto hawa. Ofisini kwa mwalimu mkuu lipo daftari la uandikishaji, na humo kila mtoto ana mstari wake wenye kusema: mtoto huyu yumo katika darasa hili. Habari ni moja, lakini imeandikwa mara mbili, kila upande kwa namna yake. Watungaji wa programu za kompyuta hukutana na jambo hilihili kila wanapotunga programu ya kuhifadhi taarifa za vitu vinavyohusiana, na makosa wayafanyayo ni yaleyale tunayoyafanya sisi kwa kalamu ya wino. Makala haya yanakusudia kueleza jambo lenyewe, na kuonyesha namna ya kulifundisha katika madarasa ya juu ya shule ya msingi kwa kutumia kadi za boksi na kamba za katani, hata kama shule haina kompyuta wala umeme.

Nitaanza na kisa kimoja. Miaka michache iliyopita, nilipokuwa nikikagua mazoezi ya kufundisha wilayani Kilosa, nilifungua daftari la mahudhurio la Darasa la Tano katika shule mojawapo. Jina la mtoto mmoja lilikuwa na alama za kutokuwapo kwa wiki sita mfululizo. Mwalimu wa darasa, kijana mwangalifu, alikuwa amekwisha kumweka katika orodha ya watoro, na barua ya kumwita mzazi ilikuwa imekwisha kupelekwa kwa mtendaji wa kijiji. Wiki iliyofuata nilikuwa Mikumi, katika shule nyingine ya wilaya ileile, nikamkuta mtoto huyohuyo ameketi dawati la pili, akisoma. Mama yake alikuwa amehamia huko kuuza chakula kando ya barabara kuu iendayo Iringa. Shule ya pili ilikuwa imempokea na kumwandika, ya kwanza haikuwa imemfuta. Tukumbuke kwamba Sheria ya Elimu ya 1978 imefanya mahudhurio ya shule ya msingi kuwa ya lazima, na mzazi asiyempeleka mtoto shuleni aweza kushtakiwa. Mama yule hakuwa na kosa lolote. Mstari mmoja tu wa daftari ndio uliokuwa unamshtaki.

Wala kisa hicho si cha ajabu. Watu wa wilaya hii huhama mara kwa mara, kwa ajili ya mashamba, mifugo, miwa na biashara ya barabarani. Mafuriko ya Mto Mkondoa ya mwisho wa Desemba 2009 na mwanzo wa Januari 2010 yaliwatoa maelfu ya watu majumbani mwao, Kilosa mjini na katika vijiji vya jirani, wakaishi kambini. Hebu mwanachuo ajiweke katika nafasi ya mwalimu wa darasa wakati kama huo, anapotakiwa kusema nani ni wake na nani amekwenda wapi.

Uhusiano ni mmoja

Kwanza wanafunzi waelewe kwamba uhusiano wenye pande mbili haugeuki kuwa mahusiano mawili. Mfano mzuri uko nyumbani. Ipo reli ya tawi iliyojengwa kutoka Kilosa kupitia Mikumi hadi Kidatu. Mtu aliye Kilosa huiita njia ya Mikumi, na aliye Mikumi huiita njia ya Kilosa, lakini hakuna aliyejenga reli mbili. Vivyo hivyo, “Asha yumo Darasa la Nne A” na “Darasa la Nne A lina Asha” ni sentensi mbili zenye habari moja. Waulize watoto watoe mifano yao. Watakuambia mama na mtoto, shamba na mwenye shamba, kijiji na kata. Usiharakishe hatua hii, maana yote yanayofuata yanaitegemea.

Zana na mchezo wa kamba

Tayarisha kadi za boksi zipatazo 10, na vipande 12 vya kamba ya katani vyenye urefu wa mtoto. Katani katika Kilosa si ya kutafuta. Paka rangi vipande 6, na vingine 6 uviache vyeupe. Chagua watoto 8. Wawili kati yao ni madarasa: mmoja ashike kibao cha “IV A”, mwingine “IV B”. Waliobaki 6 ni wanafunzi, watatu wa kila darasa. Kila mwanafunzi afunge kamba nyeupe kutoka mkononi mwake hadi kwa darasa lake. Maana yake ni: “Mimi ni wa darasa hili.” Kisha kila darasa lifunge kamba ya rangi hadi kwa kila mwanafunzi wake. Maana yake ni: “Huyu ni wangu.” Sasa kuna kamba 12 kwa ajili ya mahusiano 6, na chumba kimejaa kelele. Kelele hiyo ivumilie.

Hivi ndivyo vitu vinavyokaa ndani ya programu wakati inapofanya kazi. Kila kitu kimeshika kamba iendayo kwa mwenzake, ili ukiwa na mwanafunzi uweze kufika darasani upesi, na ukiwa na darasa uweze kuwafikia wanafunzi wote upesi. Kamba za pande mbili ni raha kwa mtumiaji, ila gharama yake huonekana siku ya kuhama.

Mwambie Asha ahamie IV B, na darasa zima liangalie. Mara nyingi watoto watafungua kamba nyeupe ya Asha, waifunge kwa IV B, kisha waketi wakidhani kazi imekwisha. Hapo mwite IV A aite majina yake. Asha ataitwa. Mwite IV B aite yake. Asha hataitwa. Muulize Asha mwenyewe, atasema yeye ni wa IV B. Watoto watacheka, na kicheko hicho kina thamani kuliko maelezo ya nusu saa.

Kisha wahesabu matendo yanayohitajika. Ni matatu: kuhamisha kamba nyeupe ya Asha, kufungua kamba ya rangi ya IV A, na kufunga kamba ya rangi ya IV B. Wape nafasi ya kusahau kila moja kwa zamu, waone matokeo. Ukisahau kufungua kamba ya IV A, Asha anahesabiwa mara mbili na shule ya watoto 6 inakuwa na 7. Ukiifungua lakini ukasahau kufunga ya IV B, shule inakuwa na 5, na Asha, ingawa amesimama mbele yao, hayumo katika orodha yoyote. Ukifanya hayo mawili ukaisahau kamba ya Asha mwenyewe, orodha zitakuwa sahihi, lakini Asha akiulizwa atajibu darasa la zamani. Kosa la wilayani kwetu nililolieleza lilikuwa la aina ya kwanza: mtoto alifungwa kamba huko Mikumi, ya Kilosa haikufunguliwa.

Kamba haziingii kabatini

Sasa lieleze darasa kwamba jua limekuchwa na shule inafungwa. Kamba zote zifunguliwe, zirudishwe katika boksi. Kompyuta ikizimwa, kamba zake hutoweka kwa namna hiyohiyo, na kinachobaki ni kile kilichoandikwa katika hifadhi. (Neno hifadhi lielezwe mapema. Ukimtajia mtoto wa Mikumi hifadhi, atafikiri tembo na twiga wa hifadhi ya taifa iliyoanzishwa 1964, na ana haki.) Swali la kuwauliza ni hili: tuandike nini leo kwenye kadi ili kesho asubuhi tuweze kuzifunga kamba zote 12 kama zilivyokuwa?

Wengi watapendekeza darasa liandike orodha ya watoto wake. Waache wajaribu. Kadi ya IV A itajaa, mtoto akihama itafutwafutwa, na baada ya siku chache haitasomeka. Wengine watapendekeza kila mtoto aandike darasa lake. Hapo kadi ya kila mtoto inahitaji maneno mawili tu: namba yake, na darasa lake. Mtaalamu wa Uingereza, E. F. Codd, aliyekuwa akifanya kazi IBM huko Marekani, alitoa mwaka 1970 makala iliyoweka msingi wa majedwali ya taarifa yanayotumika hadi leo, na mojawapo ya masharti yake ni kwamba kila chumba cha jedwali kiwe na kitu kimoja tu, si orodha. Darasa lina watoto wengi, hivyo orodha yake haikai katika chumba kimoja. Mtoto ana darasa moja, nalo hukaa vizuri. Ndiyo sababu uhusiano wa mmoja kwa wengi huandikwa upande wa wale wengi.

Gawa kadi hizo 6, kisha waambie wafunge kamba upya. Kamba nyeupe zitafungwa mara moja, maana kila mtoto anasoma kadi yake. Na za rangi je? IV A atapita kwa kila mtoto akiuliza, “Wewe ni wangu?” na kila anayejibu ndiyo atafungwa kamba. Kadi 6 zimezaa kamba 12. Orodha ya darasa haikuandikwa popote, na bado imepatikana. Mkiwa na muda, mhamisheni Asha tena kwa njia hii: badilisha neno moja kwenye kadi yake, fungueni kamba zote, zifungeni upya. Hakuna anayehesabiwa mara mbili, wala anayepotea. Tendo ni moja tu la kalamu.

Mwanafunzi mwepesi atauliza kama haichoshi kuwapitia watoto wote ili kupata orodha ya darasa moja. Msifu. Shule ya watoto 900 kwa kadi za mkono itachosha kweli, na ndiyo maana tumezoea kuweka madaftari mawili. Kompyuta hutengeneza faharasa iliyopangwa kwa darasa, kama faharasa ya mwisho wa kitabu, nayo huifuatisha yenyewe kila kadi inapobadilika. Sisi wenye kalamu hatuna mtumishi huyo.

Upande wenye kalamu na upande wa kusoma

Sehemu hii ni kwa ajili ya mwanachuo mwenyewe na wale watakaofundisha vikundi vya kompyuta. Kati ya vitu vyenye kamba na majedwali yenye namba hukaa programu ya ukalimani. Kwa wale watumiao lugha ya Java, iliyo maarufu ni Hibernate, iliyoanza mwaka 2001. Mwaka 2006 ukatolewa utaratibu wa pamoja wa kazi hiyo, uitwao JPA. Mkalimani huyu huona kamba mbili, nyeupe na ya rangi, na hana namna ya kujua kwamba ni uhusiano mmoja mpaka aambiwe. Lazima mtungaji amweleze kwamba kamba ya mtoto ndiyo yenye kalamu, yaani ndiyo itakayoandikwa, na kwamba orodha ya darasa ni ya kusoma tu, taswira ya ile nyingine. Katika JPA tamko hilo hutolewa kwa neno mappedBy, nalo huwekwa upande wa orodha, likitaja jina la kamba iliyo upande wa mtoto. Wanaoanza huliweka upande usiostahili, kwa kudhani kwamba darasa, kwa kuwa ni kubwa, ndilo mwenye mali. Ukubwa hauna neno hapa. Kinachotazamwa ni namba imeandikwa katika jedwali la nani.

Mtungaji akisahau tamko hilo, mkalimani hudhani kwamba ameonyeshwa mahusiano mawili yasiyojuana. Kwa orodha ya darasa atatengeneza jedwali la tatu la kuunganishia, na habari moja itakaa tena mahali pawili. Tumerudi kwenye madaftari yetu mawili, safari hii ndani ya mashine ya fedha nyingi.

Lakini kosa linalowatesa wengi zaidi ni jingine. Mtungaji ametoa tamko lake sawasawa, kisha anamwongeza Asha katika orodha ya IV B, na kadi ya Asha haigusi. Kwenye kioo anaona orodha ya IV B yenye Asha ndani, anafurahi, anahifadhi, anakwenda kulala. Asubuhi Asha hayumo. Hakuna onyo lililotolewa, kwa kuwa mkalimani hakukosea: aliambiwa orodha ni ya kusoma tu, akaipuuza wakati wa kuandika. Akifanya kinyume chake, yaani akaibadilisha kadi ya Asha bila kugusa orodha, hifadhi itakuwa sahihi, ila orodha iliyomo ndani ya programu itaendelea kusema uongo mpaka isomwe upya. Kosa hili la pili ni dogo kuliko la kwanza, kwani hurekebishika kwa kusoma tena. Hata hivyo, ripoti ikichapwa katikati ya hapo itatoka na hesabu isiyo ya kweli.

Dawa inayotumika ni kuyafunga matendo yote matatu katika amri moja, na kumzuia mtu yeyote kugusa kamba mojamoja. Tuseme amri hiyo tunaiita “mpokee mtoto”, nayo ni ya darasa:

Kama mtoto ana darasa la zamani, mtoe katika orodha ya darasa hilo.
Andika darasa hili katika kadi ya mtoto.
Mtie mtoto katika orodha ya darasa hili.

Anayeita amri hii hana nafasi ya kusahau nusu yake. Na katika shule zetu, maana yake ni kwamba uhamisho uwe tendo moja lenye kuanza na kumalizika, na mwalimu anayempokea mtoto asihesabu kazi yake imekwisha mpaka ajue kwamba shule ya zamani imemtoa. Baraza la Mitihani la Tanzania lina mfumo wa kumbukumbu za wanafunzi wa shule za msingi uitwao PReM, ambao humpa kila mwanafunzi namba yake, na uhamisho hufanyiwa humo. Mwanachuo ajifunze kuutumia mapema, wala asiuchukulie kuwa kazi ya mwalimu mkuu peke yake. Faida ya namba ni kwamba mtoto akihama, hubaki nayo ileile. Jina halitoshi: katika darasa moja la Mikumi nilikuta watoto watatu wenye jina moja la kwanza na la baba, na mwalimu alikuwa akiwatofautisha kwa urefu.

Walimu na madarasa

Mwalimu mmoja hufundisha madarasa mengi, na darasa moja lina walimu wengi. Kanuni yetu ya kuandika upande wa wengi inakwama, kwani wengi wako pande zote mbili. Waulize watoto waandike wapi, nao baada ya kubishana kidogo watanyoosha kidole ukutani, penye ratiba ya vipindi. Ndiyo jibu. Ratiba ni jedwali la tatu, na kila mstari wake unamtaja mwalimu mmoja na darasa moja. Safari hii jedwali la tatu ni halali, kwa sababu lina habari zake lenyewe, yaani somo, siku na saa, ambazo si mali ya mwalimu wala ya darasa. Watungaji wengi huanza kwa kuacha mkalimani alitengeneze jedwali hilo kimyakimya, na siku wanapotaka kuongeza saa ya kipindi hulazimika kuvunja nyumba waijenge upya. Afadhali kulipa jina lake tangu mwanzo.

Jambo la mwisho ni mchezo, nao hufaa kufungia kipindi. Mwambie Asha ajitambulishe kwa kutaja darasa lake, na darasa lake lijitambulishe kwa kuwataja wanafunzi wake, na kila anayetajwa ajitambulishe naye. Asha atasema yeye ni wa IV B, IV B itamtaja Asha, Asha ataanza tena, na mchezo hautakoma hadi kengele. Kompyuta isiyo na kengele huendelea hivyo mpaka nafasi yake ya kazi imalizike na programu ianguke. Wakatae hivi: mwanafunzi akijitambulisha ataje namba ya darasa lake tu, asiliite lijieleze.

Zoezi kwa wanachuo

Katika shule utakayopangiwa, omba ruhusa ya kulinganisha daftari la mahudhurio la darasa moja na daftari la uandikishaji. Andika kila jina lililomo katika moja na halimo katika jingine, na kwa kila jina onyesha ni kamba ipi iliyosahauliwa. Kabla ya kulitia jina lolote katika orodha ya watoro, uliza kwanza kama mtoto huyo hakuandikwa shule nyingine, na uandike jibu ulilopewa pamoja na tarehe.